Chango la hedhi: kwa nini linauma, na la kufanya kabla halijafika

Sisi watu wa pwani maumivu haya tuna jina lake la zamani: chango. Mabibi zetu walilisimulia kama kitu kilicho hai tumboni, kinacholala wiki tatu na kuamka ya nne, kujinyonga na kujinyonganyonga mpaka mwanamke akunjike. Jina ni zuri, na aliyewahi kuumwa anajua kwamba halikutiwa chumvi. Taabu yake ni kwamba lilibeba mambo mengi mno. Tumbo la mwezini ni chango, kutoshika mimba ni chango, mimba kuharibika ni chango, kiuno kuuma baada ya kuzaa nacho ni chango. Maradhi matano yakiitwa jina moja hupewa dawa moja, na manne kati yao hayaponi.

Nimelifikiria hili tangu dada mmoja aliponipigia simu. Ni mzaliwa wa Kisauni, ameolewa Kiboko, kule Makueni kando ya barabara ya Mombasa, ukishapita Makindu kuelekea Nairobi. Binti yake yuko kidato cha pili, shule ya bweni. Kila mwezi siku mbili hakanyagi darasani. Hutapika, huharisha, hulala chini kwenye simiti kwa sababu kitanda kinamtia joto. Mavyaa kasema atazoea. Jirani kasema litakwisha akizaa. Duka la dawa wamempa Panadol. Mama mtu akaniuliza: "Hii ni kawaida, ama mwanangu mgonjwa?"

Mimi si daktari, na ninayoandika hapa ni ya kumsaidia mtu aongee na daktari akijua anachouliza. Lakini swali lake lina majibu mawili yanayofaa kutenganishwa, kwa sababu kuna chango lisilo na ugonjwa nyuma yake na kuna chango ambalo ni dalili ya kitu kingine. La kwanza hutulizwa nyumbani kwa dawa ya bei ya chini, likishikwa kwa wakati. La pili hutaka hospitali.

Kinachotokea tumboni

Kila mwezi kizazi hujitandikia utando laini kwa ndani kungojea mimba. Mimba isipotungwa, utando ule huachia na kutoka ndiyo damu ya hedhi. Kabla haujaachia, chembe zake hutengeneza kemikali iitwayo prostaglandini. Kazi yake ni kukiamrisha kizazi kijikamue, kwani kizazi ni msuli, na ni msuli wenye nguvu. Kikijikamua sana hubana mishipa yake chenyewe ya damu, damu haipiti, hewa safi haifiki, na msuli uliokosa hewa hulia. Moyo nao huuma kwa njia hiyo hiyo mshipa wake unapoziba. Kwa hiyo anayesema "ni tumbo tu" hajui anachosema.

Wanawake wanaoumwa sana wamepimwa na kukutwa na prostaglandini nyingi zaidi katika damu yao ya hedhi kuliko wenzao wasioumwa. Nyingine hupenya na kuingia katika damu ya mwili mzima. Ikifika matumbo, nayo hujikamua: ndiyo kule kuharisha. Huleta pia kichefuchefu, kichwa kuuma, mapaja kuvuta na jasho la baridi. Binti wa Kiboko hakula kitu kibaya, wala halikuwa jicho la mtu.

Chango la namna hii kwa kawaida halianzi na hedhi ya kwanza. Msichana huvunja ungo, akapata miezi sita, mwaka, au hata miwili bila taabu kubwa, ndipo yai linapoanza kukomaa kila mwezi na maumivu yakaja nalo. Huanza saa chache kabla ya damu au pamoja nayo, huwa makali siku ya kwanza, na kwa siku mbili au tatu huwa yamekwisha. Ukiona mpango huo mwezi baada ya mwezi kwa msichana mwenye afya, kuna uwezekano mkubwa ni chango la kawaida. Nasema la kawaida kwa maana ya kwamba halina ugonjwa nyuma yake. Kumkosesha mtoto siku mbili za masomo kila mwezi si jambo la kuzoewa.

Dawa, na saa yake

Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Mwaka 1982 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Waswidi wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson, waliozichunguza kemikali hizo. Naitaja habari hii kwa sababu imebeba siri yote ya chango. Brufen ni ya ukoo ule wa aspirini. Inafunga mfereji. Maji yaliyokwisha kumwagika hayazoleki.

Maana yake ni hii: anayengoja mpaka amekunjika sakafuni ndipo ameze kidonge, prostaglandini imekwisha kutengenezwa na iko kazini. Atapata nafuu kidogo na kwa kuchelewa, kisha aseme dawa haimfai. Na kama ameshaanza kutapika, kidonge chenyewe hakikai. Anayemeza dalili za mwanzo zinapoonekana, au jioni ya kabla yake ikiwa hesabu ya siku zake haibadiliki, huwa siku nyingine kabisa. Nimewaona wanawake wazima waliohangaika miaka kumi na tano na vidonge vile vile, taabu yao ikiwa saa ya kumeza.

Kwa msichana aliyezidi miaka 12 asiye na maradhi mengine, kipimo cha kawaida ni miligramu 200 mpaka 400 kila baada ya saa sita hadi nane, baada ya kula, na isizidi miligramu 1,200 kwa siku nzima bila daktari kusema. Aendelee kwa utaratibu huo siku mbili au tatu za mwanzo, hata kama mchana anajihisi mzima, kisha aache. Ponstan ni ya ukoo huo huo lakini ni dawa ya kuandikiwa. Diklofenaki pia ni ndugu yao, na hapa tuwe macho, maana maduka mengi huuza zote pamoja: usimeze ndugu wawili kwa pamoja, hazizidishi nafuu, zinazidisha kuumiza tumbo na figo. Panadol ni ya ukoo mwingine. Haina nguvu sana juu ya prostaglandini ya kizazi, ila ni kimbilio la asiyeweza Brufen.

Nani asiyeweza? Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye maradhi ya figo, mwenye pumu inayoamshwa na dawa hizi, na mwenye mimba. Kwa watu wa Mombasa naongeza moja: dengi. Mji wetu umepata mikurupuko yake zaidi ya mara moja. Kukiwa na homa, macho kuuma kwa nyuma na viungo kuvunjika, usichukue Brufen wala aspirini kwa kudhani ni siku zako zinakuja, kwa sababu dengi huweza kuleta kuvuja damu na dawa hizi huzidisha. Panadol, maji mengi, na hospitali.

Nirudi kwenye bweni. Shule nyingi za bweni haziruhusu mwanafunzi kukaa na dawa. Hufungiwa ofisini kwa nesi au kwa metroni. Sababu yake naielewa. Lakini kanuni hiyo huigeuza dawa ya mapema ikawa dawa ya kuchelewa: msichana huanza kuhisi saa kumi usiku, ofisi hufunguliwa saa mbili asubuhi, naye lazima kwanza aonekane anaumwa ndipo aaminiwe. Mama akipata karatasi ya daktari inayosema mtoto huyu apewe dawa hii kwa dalili ya kwanza, na kisha akaenda mwenyewe kuzungumza na metroni, mwanamke kwa mwanamke, mambo hulainika. Barua peke yake hufungiwa kabatini pamoja na vidonge.

Na Ramadhani. Mwanamke aliye hedhini hafungi, na siku zake atazilipa baadaye. Hilo kila nyumba yalijua. Ila katika nyumba zetu msichana huona haya kaka zake na babake wamjue hafungi, basi hushinda na njaa kama waliofunga. Akizidiwa hujificha msalani akameza Brufen juu ya tumbo tupu, na hapo ndipo vidonda vya tumbo huanzia. Mungu kamruhusu kula, sisi tumemnyima kwa macho yetu. Mama amwekee sahani jikoni, na wanaume wa nyumba wasiulize nani anakula saa saba mchana.

Moto, tangawizi na mengineyo ya nyumbani

Chupa ya maji moto juu ya kinena ina heshima kuliko wengi wanavyoipa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulilinganisha kitambaa chenye joto la kama nyuzi 39, kilichofungwa tumboni saa 12 kwa siku, na vidonge vya ibuprofeni, ambayo ndiyo Brufen kwa jina lake la kitaalamu. Joto halikuachwa nyuma na vidonge, na waliotumia vyote viwili walipata nafuu mapema zaidi. Tia maji moto yasiyotokota, funga chupa kwa leso, usilalie. Wazee wetu walikuwa na haki hapa, na kwa aliyekatazwa Brufen hii ndiyo dawa ya kwanza.

Tangawizi imejaribiwa katika tafiti ndogo kadhaa na ikaonyesha kusaidia, kiasi cha gramu moja mpaka mbili za unga kwa siku, nusu kijiko cha chai hadi kimoja, siku tatu za mwanzo. Mdalasini, uzile na uwatu ushahidi wake ni mwembamba, lakini katika chai havidhuru. Kukandwa kiuno kwa mafuta kunaliwaza, na mkono wa mama nao ni dawa. Ninachokataa ni dawa za miti zisizojulikana zinazonywewa kwa vikombe, na zaidi kitu chochote cha kutiwa ukeni "kusafisha chango". Huko ndiko kunakoletwa uchafu wa kizazi ambao haukuwako. Makatazo ya ndimu, madafu na maji baridi ati damu itaganda hayana msingi. Ndimu haifiki kwenye kizazi.

Kuhusu mazoezi, uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2019 na jopo la Cochrane ulipata kwamba mazoezi ya dakika 45 mpaka 60, mara tatu kwa wiki, hupunguza maumivu ya hedhi. Kwetu mtoto akivunja ungo ndio mwanzo wa kuambiwa akae ndani na atulie. Kutembea kwa miguu jioni na mamake hakumvunjii heshima.

Sasa yule jirani aliyesema litakwisha akizaa. Kweli wako wanawake ambao chango lao lilipungua baada ya kuzaa, na wako ambao halikupungua hata chembe. Uzazi si dawa ya maradhi. Na maneno haya akiambiwa msichana wa miaka 15 yana mlango ambao hatutaki kuufungua. Sheria ya ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imeweka miaka 18, na tumbo linalouma halimpunguzii mtu umri.

Chango lisilo la kawaida

Kuna dalili zinazosema nyuma ya maumivu pana kitu. Maumivu yaliyoanza ukubwani kwa mtu ambaye hakuwa nayo. Maumivu yanayozidi mwaka hadi mwaka. Yanayotangulia damu kwa siku nyingi na kubaki damu ikishakatika. Kuumwa wakati wa haja kubwa au ndogo siku za hedhi, au kuumwa ndani wakati wa tendo la ndoa. Damu inayojaza sodo kila saa, au mabonge makubwa. Na kubwa kuliko zote: dawa iliyomezwa sawasawa, kwa saa yake na kwa kipimo chake, miezi mitatu, na mgonjwa bado yuko sakafuni.

Ugonjwa unaofichwa zaidi na neno chango ni endometriosisi. Chembe zinazofanana na ule utando wa kizazi huota nje ya kizazi: kwenye mirija, kwenye ovari, juu ya utumbo, nyuma ya kizazi. Kila mwezi nazo huvimba na kuvuja kama wenzao walio ndani, lakini damu yao haina njia ya kutokea, hivyo huacha uvimbe na makovu yanayogandisha viungo pamoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, kama milioni 190 duniani, na kwamba miaka kati ya minne na kumi na miwili hupita kabla mgonjwa hajaambiwa anaumwa nini.

Kenya tuna jina la kukumbuka. Njambi Koikai, mtangazaji na bingwa wa rege, alianza kuumwa akiwa na miaka 13. Ugonjwa ule ulimpanda mpaka kifuani na pafu lake likawa linasinyaa mara kwa mara. Alichangiwa fedha na Wakenya akaenda kupasuliwa Atlanta, Marekani, akarudi, akatumia sauti yake kuwafunza wengine, na tarehe 3 Juni 2024 akafariki Nairobi. Kufika kifuani ni nadra, sitaki kumtisha mtu. Lakini tangu alipokuwa mtoto mpaka ugonjwa ulipopata jina ilipita miaka mingi ya kuambiwa mambo mengine.

Jambo ambalo mama wa Kiboko hakuambiwa: skeni ya kawaida inaweza kuonekana safi kabisa na endometriosisi iko. Skeni huona uvimbe mkubwa kwenye ovari, vidoa vidogo huvipita. Kwa hiyo "hatukuona kitu" haina maana ya "huna kitu", na daktari bingwa wa kina mama anaweza kuanza matibabu kwa kusikiliza habari ya mgonjwa, au kuchungulia kwa kamera ndogo inayopitishwa kitovuni.

Yako mengine. Uvimbe wa kizazi, ambao hospitalini huitwa faibroidi, hupatikana sana kwa wanawake wetu waliopita miaka 30. Uambukizo wa kizazi huja na homa na uchafu wenye harufu. Koili ya shaba huweza kuzidisha damu na maumivu miezi ya mwanzo. Na kwa jamii ambazo bado hushona wasichana, jambo ambalo sheria ya mwaka 2011 imelipiga marufuku, damu hukosa njia na maumivu hayo hayatibiki kwa kidonge chochote.

Hapa nitakaa kidogo juu ya moja, kwa kuwa ni nadra lakini lina fedheha isiyo haki. Msichana wa miaka 14 au 15, kifua kimeshaota, kila mwezi tumbo linamuuma siku chache, na damu hajawahi kuiona. Baadaye tumbo la chini linaanza kuvimba. Watu husema ana mimba, wengine husema ana jini. Huenda bikira yake ilizaliwa imeziba kabisa, na damu ya miezi mingi inajikusanya ndani. Daktari huitambua kwa kuangalia tu, na upasuaji wake ni mdogo. Mtoto kama huyu akipigwa au akitolewa shule kabla ya kupelekwa hospitali, dhambi hiyo ni yetu watu wazima.

Wapi, na kwa kitu gani

Aliye Kiboko ana hospitali ya kaunti ndogo ya Makindu, jirani kwenye barabara kuu, na huko anaweza kuandikiwa kwenda hospitali ya mama na mtoto iliyoko Wote. Makueni ni kaunti iliyoonyesha njia mwaka 2016 kwa mpango wake wa afya ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka. Sasa nchi nzima tuko chini ya SHA tangu Oktoba 2024, basi hakikisha jina la mtoto limo kwenye usajili wa mzazi kabla siku ya kuumwa haijafika. Kwa walio Mombasa, kliniki ya kina mama ya Coast General ndiyo mlango.

Daktari anaweza kupendekeza vidonge vya homoni, vile vile ambavyo wengine hutumia kupanga uzazi. Hufanya utando wa kizazi uwe mwembamba, prostaglandini ikapungua, na maumivu yakashuka. Mama wengi hapo husimama wakatoka nje: mwanangu hajaolewa, dawa hizo za nini? Nawaelewa. Lakini mbona kila mwaka wanawake wetu humeza vidonge vya homoni kusogeza hedhi wakienda Hija, na hakuna anayewashuku? Dawa hupewa hukumu kwa kilichokusudiwa. Mwenye wasiwasi amuulize sheikhe wake pia, akimweleza ugonjwa wenyewe na si jina la kidonge.

Serikali nayo ilifanya la maana kwa nusu. Kodi ya sodo iliondolewa mwaka 2004, na sheria ya mwaka 2017 ikaahidi kila msichana wa shule aliyebaleghe sodo za bure. Sodo hushika damu. Maumivu hayakutajwa, na msichana mwenye pakiti nzima ya sodo bado analala bwenini akijikunja. Wazambia wao wamempa mwanamke aliyeajiriwa haki ya kisheria ya siku moja kila mwezi. Sisi hata kidonge katika kabati la metroni hatujakiandikia kanuni.

Kabla ya kwenda hospitali, chukua daftari na uandike miezi mitatu: damu imeanza lini na kukatika lini, maumivu yalianza saa ngapi, alimeza nini na saa ngapi, sodo ngapi kwa siku, siku ngapi amekosa shule. Daktari mwenye foleni ya watu hamsini husikia "tumbo linamuuma sana" kila siku. Ukimwekea mezani karatasi inayoonyesha siku sita za masomo zilizopotea katika muhula mmoja, dawa ikiwa imemezwa kwa saa yake, huweka kalamu chini akauliza. Ila zipo hali zisizongoja daftari: maumivu makali ya ghafla kwa mwanamke aliyepitiliza siku zake, kuzimia, homa pamoja na maumivu, au bega kuuma pamoja na tumbo. Mimba huenda imetunga nje ya kizazi, au kuna uambukizo. Huyo apelekwe usiku huo huo.